Simu Kutoka Kwenye Tela

Mimi ni fundi wa magari, na nina ugonjwa wa kutoacha kitu kikae kama kilivyotengenezwa. Pikapu yangu niliipata ikiwa mkweche. Niliivua injini yake nikaiwekea ya lori, nikaongeza springi nyuma, nikachomelea vyuma kwenye chasisi, na mwisho nikaifunga chuma kinene cha kuvutia tela. Nilipoiwasha asubuhi pale nyumbani Mfaranyaki, mtaa mzima ulijua fundi ameamka. Mke wangu alisema gari lile linakohoa kuliko marehemu babu yake. Mimi nilisikia muziki.

Tela nililipata bila kulitafuta. Wazungu wawili wazee, mume na mke, walipita Songea wakivuta nyumba yao ndogo ya magurudumu yenye kitanda, sinki na mapazia ya maua. Mume akaugua, wakaamua kurudi kwao kwa ndege, wakaniachia nyumba yao uani na kunitakia heri. Sisi tuliiita kibanda. Kilikaa zaidi ya mwaka mzima, kuku wakitagia kwenye sinki, na huenda kingeozea pale kama mama mkwe asingevunjika mguu.

Mama mkwe wangu ni Myao wa Nalasi, Tunduru, mkulima wa korosho. Mimi ni Mngoni wa Songea. Dini zetu ni mbili, lugha za nyumbani ni mbili, lakini katika jambo moja wazee wa kwao na wa kwetu ni kama walikaa kikao kimoja: mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hamtazamani usoni. Hamkai kiti kimoja, hamli sahani moja, na ukisikia yuko uani unakohoa kwanza ili ajifunike khanga yake. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu, neno pekee aliloniambia yeye mwenyewe lilikuwa marahaba. Namba yake nilikuwa nayo kwenye simu, na yangu alikuwa nayo, mke wangu ndiye aliyeziweka. Hatukuwahi kupigiana.

Alipoteleza bafuni na kuvunjika, alifungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kuanzia pajani hadi kifundoni, akaletwa kwetu auguzwe na binti yake. Miezi miwili tuliishi nyumba moja. Yeye alikuwa chumba cha nyuma, mimi nikila sebuleni peke yangu kama mgeni. Mimi nikiwa hatua tatu kutoka mlangoni kwake, nilimsikia akimwambia binti yake, "Mwambie mwenzio ule mchele alioleta una mawe." Na mke wangu, kwa uso mkavu kabisa, alitoka na kuniambia mchele una mawe. Nami nikasema, "Mwambie mama nimesikia."

Msimu wa korosho ukakaribia, mama akaanza kukosa usingizi. Alitaka kwenda kwake. Hogo lingekatwa hukohuko Tunduru, alisema, korosho hazimsubiri mtu. Basini asingeweza kukaa na mguu ulionyooka kama ubao. Kwenye pikapu yangu kuna kiti kimoja kirefu tu, na kukaa humo na mkwe wake, magoti jirani na gia, kutoka Songea hadi Nalasi, hilo hata sikulitaja. Ndipo nikakikumbuka kibanda. Atalala kitandani, nikasema, kwenye godoro, na mapazia yake. Hata wakwe wa mawaziri hawasafiri hivyo.

Nilikifanyia kazi wiki nzima kwa furaha. Nilifukuza kuku, nikaosha, nikaunganisha taa za nyuma. Beringi za magurudumu zilikuwa zimekwisha, na za saizi ile mjini hazikuwepo, kwa hiyo nilichukua za gari lingine nikazichonga mpaka zikakubali. Ndiyo, nilizichonga. Mlango nao ulikuwa ukifunguka kwenye matuta, nikauwekea komeo kwa nje.

Mke wangu hakufurahi. Yeye ni mshonaji, alikuwa na sare za harusi za kumaliza Jumamosi hiyo, na asingeweza kuondoka. Aliomba tusubiri wiki moja ili amsindikize mama yake. "Mama yangu si gunia," aliniambia asubuhi ile, tukiwa tumesimama kando ya gari. "Unamfungia kwa nje, yuko peke yake, na wewe uko mbele huko na mangurumo yako. Akitaka maji je?" Nilimjibu kwamba maji nimemwekea dumu zima. Akasema basi atakuwa ananipigia njiani. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka yalivyotoka, "Usinisumbue nikiwa barabarani. Nikifika nitakupigia." Kisha nikapiga komeo.

Niseme pia kwamba nilijua mtu haruhusiwi kusafirishwa ndani ya tela. Nilijiambia kwamba mapazia yatamficha.

Tulitoka Songea saa moja asubuhi, na nilikuwa na furaha ya kitoto. Kila tulikopita watu walisimama kuangalia. Wapo waliopunga mikono, wapo waliopiga picha, na madereva wa malori waliniwashia taa kama wanavyomsalimia mwenzao mwenye kitu cha maana. Nami nilipiga honi kuwajibu wote. Pikapu ilikuwa inakivuta kibanda kama haivuti kitu. Kwenye miinuko ambako magari mengine hukoroma, mimi nilikuwa napanda huku nikiimba.

Tulipita Namtumbo. Mbele ya hapo nyumba zinapungua, msitu unakaa pande zote mbili, na lami inanyooka. Simu ikaita, nikaona ni mke wangu. Nikaiacha iite. Ikaita tena. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu hajamaliza ugomvi wa asubuhi. Ya tatu nikaikata. Kisha likaja lori kutoka mbele, likaniwashia taa mara nyingi kuliko kawaida, na dereva akatoa mkono dirishani akiuzungusha. Nikampigia honi ndefu. Nyuma yangu bodaboda mmoja alikuwa ananifuata akibonyeza honi yake bila kupumzika, nami nikafikiri anataka kupita, nikasogea pembeni kidogo kumpisha. Hakupita. Simu ya mke wangu ikaita ya nne, ya tano. Nikaigeuza uso chini kwenye kiti, pale alipopaswa kukaa abiria.

Ikanyamaza. Kisha ikaita kwa mara nyingine, na sijui ni kitu gani kilinifanya niigeuze.

Kioo kilikuwa kimeandika: Mama Mkwe.

Sitaweza kueleza vizuri mshtuko ule kwa mtu asiye wa kwetu. Kabla sijafikiria ajali wala ugonjwa, nilihisi nimeona kitu ambacho hakipaswi kuonekana, kana kwamba nimemkuta anaoga. Wala sikuthubutu kuongea naye huku naendesha. Nilikanyaga breki, nikasimama kando ya lami, nikavua kofia, ndiyo, nilivua kofia kwa ajili ya simu, ndipo nikapokea.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Mkwe," alisema. Sauti ilikuwa tulivu, yenye kikohozi. "Moto."

Nilishuka. Moshi ulikuwa unatoka chini ya kibanda upande wa kushoto, mweusi, unaelekea porini, na gurudumu lile lilikuwa halizunguki tena. Beringi yangu niliyoichonga ilikuwa imeshika, tairi limeburuzwa hadi likawaka, na moto ulikuwa unakula mbao za sakafu. Gari lolote la kawaida lingelemewa, dereva angejua kuna kitu. Langu halikulemewa. Nilikuwa nimeliongezea nguvu hadi likaweza kuburuza nyumba inayoungua bila mimi kujua, na kioo cha kushoto kilikuwa kinatetemeka kwa ile injini siku zote, hakikuwahi kunionyesha kitu.

Nikafungua komeo. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, mguu wa hogo mbele yake, khanga imefunika pua na mdomo, simu yake ya kitochi mkononi. Tulitazamana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake, na yanafanana na ya mke wangu kabisa. Mlango wa kibanda kile ni mwembamba, na kumtoa kulikuwa na njia moja tu.

Nasema hili kwa aibu: nilisimama. Moshi unapanda kwenye mapazia ya maua, na mimi fundi mzima nimesimama mlangoni sijui niweke wapi mikono yangu, kwa sababu ni mama mkwe. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Zilitosha yeye kuziona.

"Nibebe," alisema.

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, hogo ndilo lilikuwa zito. Nilimweka chini ya mti mdogo mbali na barabara, nikarudi mbio kuchomoa pini ya tela kabla moto haujaifikia pikapu. Yule mwendesha bodaboda, mtu wa makamo mwenye koti la mvua, alikuwa ameshafika anarusha mchanga kwa kofia yake ngumu. "Bosi, nimekupigia honi toka kule darajani," alisema. "Nikasema huyu bwana ana roho ngumu." Nikaisogeza pikapu mbele. Kibanda kikaungua chote mbele ya macho yetu, godoro, sinki na mapazia, kwa muda mfupi kuliko wa kuivisha ugali.

Nilikaa chini. Mama mkwe alikuwa amegeuka, amenipa mgongo, khanga imerudi kichwani. Akamwita yule mtu wa bodaboda.

"Mwanangu," alimwambia, "hebu muulize huyo mwenzio mikono yake haijaungua?"

Yule mtu alinitazama, akamtazama mama, tulikuwa hatujaachana hata hatua nne. "Bosi, mama anauliza mikono."

"Mwambie mama haijaungua, namshukuru Mungu."

"Hana kitu, mama."

"Alhamdulillahi," alisema mama mkwe.

Nilimpigia mke wangu. Sikusikia alichosema, alikuwa analia tu, nami nikarudia mara nyingi kwamba mama yuko salama.

Safari iliyobaki mama alikaa mbele na mimi, hakukuwa na namna nyingine. Yule wa bodaboda alinisaidia kumpandisha, tukauegemeza mguu wake juu ya begi. Aligeuza uso dirishani, akafunika kichwa, na toka pale hadi Tunduru mjini, na ile barabara ya vumbi hadi Nalasi, hakusema neno. Niliendesha taratibu kama nimebeba mayai. Nilimshukuru moyoni kwa kuificha aibu yangu ndani ya heshima yetu ya siku zote. Tulipofika aliwaambia ndugu zake wanipe chakula. Asubuhi niliaga nikiwa nimechutama nje ya mlango wake, nikasema shikamoo, na ndani hakukujibiwa. Nikafikiri amelala.

Nilirudi Songea na pikapu tupu. Mke wangu nilimkuta kwenye cherehani, sare za harusi zimemzunguka. Hakunigombeza. Hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele. Nilivuta kigoda nikakaa, nikamweleza yote tangu mwanzo, beringi, taa za yule dereva wa lori, mpaka nilivyosimama mlangoni. Nikamwambia kwamba kitu ambacho bado sikielewi ni namna mama alivyoweza kunipigia mwenyewe, mtu mwenye msimamo kama yeye.

Mguu wa mke wangu ukatulia kwenye pedali.

"Alinipigia mimi kwanza," alisema. "Aliniambia anasikia harufu ya mpira unaungua, nikuambie usimame. Nikakupigia, hukupokea. Akapiga tena, akasema moshi unaingia, sakafu imepata moto. Nikamwambia hupokei. Akanyamaza. Nikafikiri ameishiwa hewa."

"Halafu?"

Alikuwa anaunyoosha mshono wa sare kwa kucha, hanitazami.

"Halafu akaniuliza, 'Mwanangu, huyu huwa hapokei simu zako?'"

Nje bodaboda zilikuwa zinapita, na mtu fulani alikuwa anauliza bei ya nyanya dukani kwa jirani. Ikabidi niulize.

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu," mke wangu alisema. "Nilikata, nikakupigia tena."