Mama Hesabu na Jani Jembamba la Kunde

Saa moja kasoro asubuhi, Mama Hesabu ameinamia miche ya kunde ndani ya banda la nailoni, kidole kikitangulia macho. "Pana, pana, pana, jembamba," anahesabu kwa sauti. Ukimsemesha katikati anaanza upya, na siku nzima atakununia.

Ni mwaka wa kumi na moja anahesabu majani katika shamba hili la utafiti. Wazazi wa miche hii wote wana majani mapana, ila kila mmoja amebeba wembamba uliojificha. Wakizalishwa pamoja, karibu mche mmoja kati ya minne hutoka na majani membamba. Leo, katika miche mia nne, amepata tisini na saba.

Mtoto wake wa pili alipogundulika ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, daktari alimwambia hivyo hivyo: mmoja kati ya wanne.

"Nikamwambia, hiyo naijua daktari, ndiyo kazi yangu."

Nyumbani mama mkwe alishaamua: damu mbovu imetoka kwa mkamwana. Mume naye akakataa kupima.

"Nilimwambia, baba, wembamba hautoki kwa mzazi mmoja. Akaniuliza, kwani mimi ni kunde?"

Anacheka kidogo, kisha uso unamshuka. Kosa lililomtafuna ni lake mwenyewe.

"Nilijiambia, mgonjwa nimeshampata, wanaofuata watakuwa wazima. Nikabeba mimba nyingine kwa furaha."

Huyo naye alizaliwa na selimundu. Mwaka jana, akiwa na miaka sita, alifariki.

"Kila mbegu inaanza hesabu yake upya. Na nilikuwa naona kila siku! Miche mitatu membamba imefuatana, naandika, naendelea."

Inauma kumsikiliza.

Sasa binti yake mkubwa, mzima wa afya, anataka kuolewa. Amepima, naye amebeba ugonjwa bila kuumwa. Mchumba wake hajapima wala hajaambiwa, na binti hataki aambiwe.

Jumamosi Mama Hesabu atakwenda kwa kijana huyo, amweleze yote, kisha amwombe waongozane hospitali.

"Binti analia. Ananiambia, mama, akisikia atanikimbia."

Je, akikimbia kweli?

"Bora akimbie sasa," anasema. "Mwanangu nimemzika. Kuzika mjukuu sitaweza."