K ya Sita

Miaka ile nchi ilipoitwa Zaire, nilikuwa mpanga herufi katika imprimerie, kiwanda kidogo cha uchapaji, mjini Kisangani. Niliokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye droo, nikazipanga mpaka ziwe maneno. Droo karibu zote zilikuwa na herufi za kusimama, za risiti na matangazo. Moja tu ilikuwa na anglaise: herufi za kulala, zenye mikia myembamba, kana kwamba zimeandikwa na mtu mwenye kalamu nzuri na nafasi ya kutosha. Hizo zilikuwa za harusi. Kwetu kadi ya harusi haitupwi; inakaa juu ya kabati la sebuleni hata mwaka mzima, wageni waone nani amekualika. Kwa miaka minne niliwapangia wenzangu anglaise, nikiapa moyoni kwamba yangu itawapita wote.

Siku yangu ya kuwa bibi arusi ikafika, na mganga hajigangi. Droo ile ilinunuliwa na Wabelgiji kwa majina ya Kibelgiji, na K kubwa ndani yake zilikuwa tano. Baadaye serikali ikatuamuru tuache majina ya ubatizo tuchukue ya mababu, na mababu zetu, Mungu awarehemu, waliipenda sana K. Jina langu, la mchumba wangu, majina ya baba zetu wawili: nilihesabu K sita. Na hapo Kisangani yenyewe nilikuwa nimekwisha kuiondoa kwenye kadi! Kupitisha kadi mara ya pili, ili K moja itumike tena, haikuwezekana, maana mashine yetu ilikuwa imechakaa, haikugonga mahali pamoja mara mbili.

“Weka moja ya kusimama,” patron, mwenye imprimerie, akaniambia. “Nani ataona?”

Kila mtu angeona. Swali lilikuwa ni nani avae aibu hiyo. Baba mkwe hapana: alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, na bado alikuwa anatupima kama tunamheshimu. Nikaamua awe papa, baba yangu mzazi, bila kumuuliza. Naona haya hadi leo. Nilichapa kadi moja ya mfano, nikampelekea nyumbani kama jambo dogo tu.

Papa akavaa miwani, akasoma taratibu. Kidole chake kikasimama juu ya jina lake.

“Donc batu bote iko mu abacost,” akasema, akitaja suti ya heshima ya miaka ile, “miye peke yangu mu kaptula?”

“Papa, K iko tano tu! Unataka niizale?”

Jioni ile papa hakugusa lituma yake ya ndizi za kuponda, jambo ambalo hata malaria haikuwahi kumfanyia. Nililala na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu.

Asubuhi nikamkuta papa mlangoni pa imprimerie, abacost imepigwa pasi, mkononi kalamu ya kuchovya wino. Nilikuwa nimesahau kwamba wakati wa Wabelgiji papa alikuwa karani kule Opala, na madaftari ya serikali yalijazwa kwa mkono wake.

“Acha nafasi yangu wazi,” akasema. “Miye mwenyewe nitaingia.”

Tukachapa kadi mia moja na hamsini zenye pengo. Siku tatu papa alikaa karibu na dirisha akiandika K moja, akiipuliza, akichukua kadi nyingine. Patron aliacha kazi zake akawa anamwangalia. Mkia wa ile K ulishuka, ukageuka, ukapita chini ya jina lote kwa raha zake. Za risasi zikaonekana zimekonda.

Kadi zikagawanywa. Wiki moja kabla ya harusi, baba mkwe akatokea kwetu bila taarifa, kadi mkononi, uso umekunjwa. Nilijua harusi imekufa.

“Bokilo,” akamwambia papa, kama wakwe wanavyoitana kwetu, “K yako inatembea. Ya kwangu imelala tu. Na miye njo baba ya bwana arusi!”

Papa alicheka mpaka akavua miwani. Akaomba kadi tupu, akaandika mwaliko wote kwa mkono, mstari kwa mstari, huku baba mkwe ameinama begani pake. K ya mgeni wetu aliipa mkia mrefu ambao sijauona tena popote. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe, akaandika K ya kusimama, fupi, bila mkia.

“Leo miye njo navaa kaptula,” akasema, akanikonyeza.

Kadi ile, iliyo nzuri kuliko zote za harusi yangu, iko juu ya kabati la mama mkwe. Nimemwomba mara tatu, na mara tatu ameninyima. Papa hayupo tena. Kila niendapo kule, kabla hata sijasalimia, naitafuta ile K yake fupi.