Saa Ilikuwa Imezima, Nikamwambia Yuko Sawa

Admin, ficha jina langu kabisa, hata kijiji usitaje. Sema tu ni mama wa huku kwa majani chai, karibu na Sotik. Nina miaka hamsini na nne, niliachia shule darasa la saba, lakini Mungu amenipa watoto wenye akili. Kifungua mimba wangu ni nesi. Sisemi kujigamba, wenye wananijua wanajua.

Huyo nesi wangu ndiye aliniletea zile saa za kisasa, unavaa mkononi inahesabu roho ikipiga. Alinivalisha nikiwa nimeketi kwa mlango nikichambua mboga, akaniambia, "Mum, ukishusha kioo hivi na kidole, utaona chaji imebaki ngapi. Ikifika ishirini, weka kwa chaja. Na hii si mashine ya presha, sawa?" Nikamwambia, "Mimi mama wa nesi nielezwe mara mbili?" Ukweli ni kwamba sikushika hata kitu kimoja. Kidole changu kimekauka na utomvu wa chai, nikishusha kioo hakishuki. Na chaja yenyewe si kama ya simu, ni kakitu kanashika kama sumaku. Niliogopa kuiharibu, nikaiweka hiyo chaja kwa kabati chini ya vitambaa.

Sasa, huku kwetu tukishachuma tunapeleka majani kwa kituo, tunapanga laini tukingoja kupima na lori ije. Hapo ndipo niliifanya hiyo saa kuwa kliniki. Wamama walikuwa wanakuja, "Mama Nesi, hebu nipime na mimi." Namvalisha, taa ya kijani inawaka chini, namba inatokea, nasema, "Presha yako iko sabini na mbili, uko sawa, enda ukunywe chai." Hata karani wa kupima majani alinyoosha mkono. Nilikuwa nasikia utamu, siwadanganyi. Hata sweta yenye mikono mirefu niliacha kuvaa, na baridi ya huku mnaijua.

Jumapili kanisani nikainua mkono wakati wa kuimba, nikaona kioo ni cheusi. Nikabonyeza, wapi. Nilijua imezima. Lakini nani angenitoa hiyo saa mkononi? Niliendelea kuivaa Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mtu akiuliza saa ni ngapi, naangalia jua halafu nasema.

Alhamisi jirani yangu, nimwite Mama Chero, alinifuata hapo kwa kituo. Huyu ni mtu tulizaa wakati mmoja, tumechuma laini zimekaribiana miaka mingi, na amekuwa na presha tangu mtoto wa mwisho. Akaniambia, "Mama Nesi, kichwa kinaniuma tangu jana, na macho yanaona ukungu. Baba Chero ako na pikipiki hapo, alikuwa anataka kunipeleka hospitali. Nipime kwanza, kama ni kitu kidogo nisimsumbue."

Wamama saba walikuwa wanaangalia. Ningesema imezima, mmoja wao angecheka, namjua, angeuliza, "Kwani mama wa nesi hajui kuweka chaji?" Hiyo tu ndiyo niliogopa. Kicheko.

Nikamvalisha. Nikafunika kioo na kiganja, eti jua linanisumbua. Nikainama, nikangoja kidogo kama vile huwa nangoja, halafu nikasema, "Sabini na mbili. Uko sawa kabisa, ni uchovu. Rudi nyumbani ulale."

Akacheka, akaniambia asante dadangu. Akamwambia mzee azime pikipiki.

Ijumaa asubuhi alianguka katikati ya majani. Mimi ndiye nilifika wa kwanza. Mdomo ulikuwa umeenda upande, na mkono wake wa kulia, huo wa kuchuma, ulikuwa unalala kwa kikapu kama si wake.

Mama Chero aliporudi kutoka hospitali, msichana wangu huyo nesi alikuja kumwona. Jioni akaniomba saa, akaibonyeza. "Mum, hii ilizima lini?" Nikasema, "Si ni leo tu asubuhi." Akaiweka kwa chaja, ikawaka, akafungua mahali inaweka kumbukumbu. Ilikuwa imesimama ile Jumapili. Halafu akasema, "Afadhali hukumpima Mama Chero nayo." Nikainuka, nikaenda kuangalia ng'ombe mwenye nilikuwa nimeshakamua.

Mnadhani imeishia hapo? Jana nilimpelekea Mama Chero maziwa. Anaongea polepole, lakini anasikika. Alinishika na ule mkono mzuri akasema, "Saa yako ilisema niko sawa, kwa hivyo hii ni Mungu alipanga tu." Halafu akasema, "Jumanne ni kliniki, lakini barabara inanichosha. Nimemwambia Baba Chero asitafute gari. Wewe utakuja na saa, unipime hapa kwa kitanda. Mimi naamini wewe kuliko hao."

Nikasema sawa. Jameni, nilisema sawa! Mdomo huu huu.

Leo ni Jumapili. Sikuenda kanisa. Nimejua kushusha kioo sasa, unalowesha kidole na maji kidogo halafu unapangusa na leso. Nimeangalia chaji tangu asubuhi, mara inasema tisini na tisa, mara inasema tisini na nane, kama mtu anangoja imwambie kitu. Nikimwambia ukweli, atanijua vile niko, na mzee wake mwenye alizima pikipiki, na wale wamama saba, na msichana wangu mwenye jina lake ndilo nilikuwa navaa mkononi. Nikinyamaza, Jumanne hataenda kliniki, na mimi nitakuwa nimemfanyia mara ya pili.

Nyinyi wenye mnasoma hapa, nitukaneni kama ni kutukana, nimestahili, lakini mnijibu kabla ya Jumanne. Nianzie kwa nani, Mama Chero mwenyewe, ama mtoto wangu? Na nikifika kwa hicho kitanda, neno la kwanza niseme gani?