Mashine Iliyokubali Kidole cha Mama

Mama alikuwa akichuma majani ya chai kwenye miinuko ya juu ya mji wa Runyenjes tangu kabla sijazaliwa, na kazi hiyo ilimfuta alama za vidole. Hatukujua hadi alipougua presha ya macho, ugonjwa unaopofusha usipotibiwa mapema. Daktari alitaka afanyiwe upasuaji upesi, lakini bima ya matibabu ilimhitaji ajisajili kwa alama ya kidole kwenye ofisi ya serikali mjini.

Karani akambonyeza vidole kwenye kioo cha mashine ya kusoma alama, kimoja baada ya kingine.

"Mama, hizi vidole umefanyia nini? Kwa mashine wewe hauko."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Enda upumzike kuchuma, upake mafuta, urudi," karani akasema.

Alipumzika. Chai ikakomaa shambani bila kuchumwa. Tuliporudi, kioo kikamkataa tena, na karani akaita, "Mwingine!"

Mlangoni palikuwa na mashine nyingine, ya kupima kama wananchi wameridhika, yenye vitufe viwili: uso wa kijani unaotabasamu, uso mwekundu ulionuna. Askari wa mlango akatuzuia.

"Shosho," akamwita Mama, kama anayemwita nyanya yake, "bonyeza kwanza."

"Inauliza nini?" Mama akaniuliza kwa Kiembu. Nikamwambia.

"Mwambie sijapata kitu."

"Bonyeza tu kijani," askari akasema. "Wakubwa wanakuja kuangalia maksi zetu." Akamshika Mama mkono, yeye mwenyewe akakibonyeza kidole cha Mama kwenye ule uso wa kijani.

Mashine ikalia ting, ikaandika: Asante kwa maoni yako.

"Hiyo imemkubali," nikasema.

"Hiyo haiulizi wewe ni nani," askari akajibu, huku akimwita mtu wa nyuma yetu.

Mama alijifuta kidole kwenye leso mpaka tukafika barabarani.

Ofisi ile ilishika nafasi ya kwanza kwa kuridhisha wananchi. Nilisikia redioni mkubwa wao akisifu teknolojia, akasema wananchi wenyewe ndio waliosema.

Tulirudi tena na tena. Mwishowe tukampata karani mgeni, msichana aliyehamishwa kutoka Meru. Alimtazama Mama vidole, akafungua ukurasa mwingine, akampiga picha ya uso, akamaliza kumsajili kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

"Hii njia imekuwako siku zote?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Lakini inazidi ile ya kidole kwa muda kidogo, na muda wetu unapimwa."

Hospitalini daktari alimmulika Mama jicho la kulia, kisha la kushoto. Akazima tochi.

"Mngemleta mapema," akasema.

Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea ukutani, akidhani daktari amesimama huko.