Upande wa Pili wa Doti

Mpaka leo wanangu wakininunulia kanga, huwaambia waipeleke kwanza kwa jirani aikate na kuipinda, ndipo wanipe. Wao husema ni uzee. Nawaacha waseme. Kanga hutoka dukani pande zake mbili zimeungana, na mimi na doti nzima hatuamkiani tangu miaka ya vita.

Miaka hiyo nilikuwa nakaribia arobaini, naishi katika nyumba ya mume wangu, kwenye uchochoro ulio nyuma ya Ndia Kuu. Watoto wetu walikuwa wakubwa, wa kwanza ameshaolewa, na nguo za kitoto nilikuwa nimeshazigawa. Nikashika mimba. Kwanza niliona haya, kisha nikafurahi kama bibi harusi. Mume wangu alikuwa karani wa forodha, mtu wa maneno machache, lakini wiki ile aliniletea halua karibu kila siku.

Aliyefurahi zaidi ni somo yangu, mwanamke aliyenifunda nilipoolewa. Alinizidi miaka michache tu, lakini ndiye aliyenisinga, akanifundisha mambo ya nyumba, akakaa nami siku zote za fungate. Kwetu somo ni wa maisha. Mtu anaweza kumficha mamake jambo, somo yake hamfichi. Mimi sikuwahi kumficha.

Katika nyumba ile mwenye amri alikuwa mavyaa, mamake mume wangu, naye alikuwa na mwiko mmoja aliousimamia kuliko yote: mwezi ukipatwa, mja mzito hashiki kisu, sindano wala mkasi. Atakachokikata, mtoto atazaliwa na alama yake. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiangalia mbingu kwa niaba yetu. Ila wakati wa vita serikali ilikuwa imeamuru taa zisionekane kutoka baharini, na madirisha yetu yote tukayaziba kwa shuka nyeusi. Jua likitua hatukuona mwezi wala nyota.

Nilikuwa katika mwezi wa saba somo yangu alipoingia chumbani kwangu magharibi moja, ana kitu ndani ya buibui. Ilikuwa doti ya kanga, nyeusi kwa nyekundu, mpya, bado ina gundi ya kiwandani. Wakati ule kanga zilikuwa adimu kuliko sukari. Kesho yake kulikuwa na harusi Kibokoni, naye alitaka tuvae sare, kila mmoja upande wake.

"Ndoo hapa tuikate sasa," aliniambia, "tupate kuipinda kabla ya isha. Mkasi ninao."

"Si ungoje kesho asubuhi?"

"Asubuhi nna kazi ya kumpamba mwari. Shika huko, nishike huku."

Nilikaza upande wangu chini ya goti. Yeye akavuta wake hadi kitambaa kikanyooka, nami nikapitisha mkasi katikati. Tulikuwa tunacheka, sikumbuki tulicheka nini. Hata hatujakaa kupinda, tukasikia sufuria na masinia yakipigwa uchochoroni na watu wakipiga kelele kwamba mwezi umepatwa. Umechomoza hivyo hivyo, umeshaliwa nusu.

Somo yangu alinipokonya mkasi akautia kifuani.

"Hukukata kitu," alisema. "Wala mimi sikuona. Haya hayatoki mlango huu, wallahi."

Mtoto alizaliwa msichana. Mkunga alimgeuza mara mbili, akampangusa, akanipa. Alikuwa mlaini kupita kiasi, shingo haimbebi, macho yamepanda pembeni, ulimi hautulii mdomoni. Viganjani alikuwa na mstari mmoja uliokata kutoka upande huu hadi huu. Nilimpenda papo hapo, kabla ya kuogopa. Kunyonya kulimpa tabu, nikawa namkamulia maziwa kwa kijiko. Daktari wa hospitali alimpima, akasema mtoto huyu atachelewa katika kila kitu. Hakusema kwa nini. Nadhani hakujua, maana siku zile hapakuwa na ajuaye.

Mavyaa hakuwa mtu wa kukubali jambo lisilo na sababu. Siku ya arobaini, wanawake wamejaa, ubani unafuka, alisema mbele ya wote kwamba ukoo wao haujapata kuzaa hivi na kwamba mimi nilifanya jambo nikalificha. Nilimtazama somo yangu. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua atasema neno moja la mzaha kama kawaida yake, mambo yaishe.

Akasema, "Alikata kanga mwezi umepatwa. Nilimkataza, hakusikia."

Nilimkataza! Aliyasema hayo amejifunga kiunoni upande wake wa doti, mweusi kwa mwekundu, na mimi nimemfunika mtoto kwa upande wangu. Wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wakitutazama, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye kanga ile aliipata wapi. Nilimfunika mtoto uso, nikainamisha kichwa. Uchungu wa kuzaa niliuvumilia. Ule sikuuweza.

Mume wangu aliniuliza jioni yake kama ni kweli. Nikamwambia nilikata, lakini hatukujua, madirisha yalizibwa. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Yeye hakusema kwamba mkasi ndio ulioharibu mtoto, alikuwa amesoma kidogo kwa hayo. Alisema tu kwamba nyumba yenye siri haikaliki. Baada ya wiki chache, mamake akimsukuma asubuhi na jioni, alimwita kaka yangu akanipa talaka mbele yake. Wakubwa walibaki kwa baba yao. Mimi nilikwenda Tononoka kwa kaka yangu na mtoto mgongoni. Hata mwaka haujatimu, mume wangu akaoa msichana wa Kuze, na aliyemfunda bibi harusi alikuwa somo yangu. Kunitupa alikuwa ameshanitupa. Huko sasa kulikuwa kunikanyaga.

Kibaya zaidi ni kwamba niliamini. Kila nilipomuogesha mwanangu nilikifungua kiganja chake, nikautazama ule mstari mmoja, nikauona mkasi. Alitembea akiwa na miaka mitatu. Alijifunza kusema kidogo, kubusu mikono ya wakubwa, na kukunja nguo, na kwa kukunja nguo hakuna aliyemfikia katika nyumba ile. Alikuwa akizikunja kanga zangu pembe kwa pembe, ananiletea, anangoja nimsifu. Kifua kilimchukua akiwa msichana mkubwa. Nilimzika nikiamini ni mimi niliyemkata.

Miaka mingi baadaye binti wa kaka yangu, aliyekuwa akisomesha wakunga, alikuja kunitazama, na mazungumzo yakatufikisha kwa marehemu. Nikamsimulia habari ya mkasi. Hakucheka. Alitoka akaenda dukani, akarudi na doti ambayo haijakatwa.

"Shangazi, shika huko," alisema. Nilikataa, kisha nikashika.

Akanieleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, zinaitwa kromosomu, na ndizo zinazobeba sura na maumbile yetu. Zimekaa jozi jozi, upande mmoja wa mama na mmoja wa baba, kama doti. Yai la mwanamke likijiandaa, kila jozi hutenganishwa. Kuna kamba mbili zinazovuta, moja huku na moja huko, na kila moja huondoka na upande wake, ili yai libaki na upande mmoja ukutane na ule wa mume. Mara nyingine jozi moja haitengani. Akaniambia niachie, akaivuta doti yote ikaenda kwake. "Yai likabaki na pande mbili. Ule wa baba ukija, mtoto ana tatu. Huyo ndiye marehemu wetu."

Nikamuuliza jozi hukosaje kutengana.

"Kuna vifungo vinavyoishika pamoja ikae sawa, ivutwe sawa. Vifungo hivyo vilifungwa wewe ukiwa tumboni mwa mamako, shangazi. Mayai yako yote yalianza kugawanyika huko, yakasimama, yakangoja mpaka siku ya kila moja. La huyu lilingoja karibu miaka arobaini. Vifungo vikikaa miaka yote hiyo hulegea, jozi ikayumba, kamba zikavuta vibaya. Huwapata hata wasichana, na mara chache hutoka kwa baba. Lakini umri ukizidi, huzidi."

"Na lini hasa?"

"Kabla hujashika mimba. Ulipokata kanga, yalikuwa yameshakuwa zamani."

Watu hudhani nilifarijika. Nilikasirika. Nilishitakiwa kwa kukata, na kumbe kilichoharibika ni kitu kilichokosa kutengana. Mavyaa alikuwa ameshakufa, mume wangu ameshakufa, na mwanangu yuko makaburini. Aliyebaki ni mmoja.

Nilimkuta somo yangu kwa mjukuu wake, palepale karibu na Ndia Kuu, macho yamefungwa na mtoto wa jicho, lakini sauti yangu aliijua. Hatukuwa tumesemezana tangu ile siku ya arobaini. Nilikaa kitako nikamwelezea yote, jozi, kamba, vifungo, taratibu kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

"Kwa hivyo si mkasi," alisema.

"Si mkasi."

Akashusha pumzi. Uso wake ulikunjuka, nikaona kwamba naye alikuwa na mzigo wake miaka yote hiyo. Nikangoja neno moja tu. Nilikuwa tayari kulipokea, naapa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi hata mimi sikukukosea kitu."

Niliinuka, nikajifunga buibui yangu.

"Mkasi haukunikosea," nilimwambia. "Yai langu halikunikosea. Wewe ulikuwa umeshika upande wa pili."