Daftari la Maombi ya Ijumaa

Daftari lenyewe ni la kawaida, la kurasa tisini na sita, jalada la bluu, lile wanalotumia watoto wa shule ya msingi. Nililinunua duka la ng'ambo ya barabara, mkabala na cherehani yangu. Mimi nina mwandiko mbaya na nina haraka ya kila kitu, lakini katika daftari lile niliandika polepole. Upande wa kushoto, ombi. Upande wa kulia, nafasi. Ombi likijibiwa, natia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Nilizipenda zile alama kuliko nilivyopaswa kuzipenda, na leo nasema hivyo bila kujitetea.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Isiolo mjini. Serikali ya kaunti ilipokuja, ilikuja na ofisi, na lami, na wageni wa kila aina, na chuo kilichokuwa kama zizi la mbuzi kikajengwa madarasa mapya na kujaza wanafunzi. Wanafunzi wanahitaji sare. Kibanda changu kilikuwa karibu na lango, kwa hiyo walikuja kwangu. Mtu akiinua mikono umpime kifua, huwa anaongea. Sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyo. Wakaongea, nikawasikiliza, nikawapa chai, na kabla ya mwaka kuisha kila mmoja alikuwa ananiita Mama. Mchungaji wetu alipotafuta mlezi wa ushirika wa wanafunzi Wakristo, hakutafuta mbali.

Niliifanya kazi ile kwa nguvu zote. Jumamosi tulizunguka vyumba vya kupanga kule Burat tukibisha milango na kuwaalika waliolala. Kila muhula tulifanya misheni moja nje ya chuo, kuhubiri na kuwapikia watoto. Lakini moyo wa ushirika ulikuwa Ijumaa saa kumi, darasa la mwisho kabla ya uwanja. Tulikuwa na utaratibu wetu. Nikisoma ombi, mwenye ombi anasimama ili awekewe mikono. Kama ana haya, mwenzake anasimama kwa niaba yake, na hakuna anayeuliza. Na Ijumaa inayofuata, aliyeombewa hutoa ushuhuda. Hapo ndipo nilipokuwa natoa kalamu nyekundu mfukoni.

Msichana ninayetaka kumweleza alitoka Oldonyiro, Mturkana, binti wa mama anayechunga mbuzi. Alikuwa anasomea ualimu wa chekechea. Hakuwa mwongeaji, ila akiimba, hata wale waliokuja kwa sababu ya soda walinyamaza. Alikuja kupimwa gauni la mazoezi ya kufundisha, lile la rangi ya maziwa lenye vifungo mbele, na nilipokuwa nimepiga magoti nikipima urefu, akasema akiwa juu yangu:

"Mama, kuna kitu nataka uniwekee. Lakini usiambie mtu."

Alikuwa na kifafa. Tangu akiwa mdogo. Alikuwa akinywa vidonge vya hospitali asubuhi na jioni, na kwa miaka miwili hakuwa ameanguka hata mara moja. Mwenzake wa chumbani alikuwa ameanza kuulizauliza ni dawa za nini. Alitaka aziache kwangu, na kila Jumamosi apite achukue za wiki.

"Wakijua hawatanipea watoto nifundishe," alisema. "Nani ataachia mtu wa kuanguka mtoto wake?"

Nikachukua mkebe wangu wa vifungo, nikamwaga vifungo kwenye droo, nikaweka vidonge ndani. Akacheka. Kila Jumamosi alipita, akafungua mkebe mwenyewe, akahesabu vidonge kumi na vinne, akanywa chai, akaenda zake. Hakuniomba nimwombee. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama aliniomba, hata kwa neno la kando, ili nipate pa kujishikilia. Hakuniomba.

Ila mimi nilikuwa mlezi, nilikuwa na daftari, na nilimpenda. Mtu kama mimi akimpenda mtu hawezi kukaa kimya. Alhamisi moja, nikisubiri pasi ipate moto, niliandika: "Dada mmoja, ugonjwa wa kuanguka, tangu utotoni." Jina sikuandika. Nikajisifu kwamba nimetunza siri.

Ijumaa nikasoma maombi. Mtihani wa mmoja, nikasoma, akasimama, akaombewa. Baba wa mwingine aliyekuwa hospitalini, nikasoma, akasimama. Kisha nikasoma lile. Hakuna aliyesimama. Darasa likatulia, feni ikiwa inazunguka juu, wote wakingoja. Nami, bila kukusudia, nikamtazama.

Mwenye macho haambiwi tazama. Vichwa vyote vikageuka kufuata macho yangu, vikamkuta pale safu ya pili karibu na dirisha.

Ningeweza kusimama mimi. Utaratibu ulikuwa umeniachia mlango wazi: ningesimama kwa niaba yake, na hakuna ambaye angeuliza. Wazo lile halikunijia kabisa. Nilikuwa nimeshika daftari, na kwa akili yangu mwenye daftari husoma tu. Akasimama yeye. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakalia na kukemea, na mimi nikalia pamoja nao kwa furaha, nikiona ni siku kubwa kuliko zote.

Ijumaa iliyofuata mwenyekiti wa wanafunzi, kijana mwenye sauti ya spika, alimwita mbele kwa ushuhuda. Alitembea polepole. Akasalimu Bwana asifiwe, wakaitikia. Akasema, "Bwana amenigusa. Asanteni kwa kuniombea." Makofi yalitikisa mabati. Nawauliza waliokuwa pale, na najiuliza mwenyewe: angesema nini kingine? Wenzake sitini walikuwa wamemlilia. Nikatia alama ya vema, kubwa, ikavuka mstari.

Jumamosi hakuja kuchukua vidonge.

Nilijua. Hili ndilo linaloniuma hata leo nikiwa nashona, linanifanya nisimamishe mguu kwenye cherehani. Sikuwa mjinga. Dada yangu alikuwa na sukari, nilijua vizuri dawa ya namna ile haiachwi kwa kusikia wimbo mzuri. Jumamosi ya pili niliufungua mkebe nikakuta vidonge vimekaa vilevile. Nikamfuata chuoni, nikamkuta anafua nguo.

"Dawa zako ziko pale," nikamwambia.

Aliendelea kufua. "Mama, nikikunywa, si ni kama nimedanganya mbele ya watu wote? Watasema sikuamini."

Hapo ndipo nilipopaswa kumvuta mkono nimpeleke kibandani. Maneno yenyewe nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikaona aibu ya kuwa mlezi mwenye imani haba, nikaona alama yangu nyekundu, nikasema, "Mungu ni mwaminifu, mwanangu." Akatingisha kichwa kukubali, akakamua blausi. Nikarudi kazini.

Misheni ya muhula ule tulifanyia Burat, kwenye uwanja wa shule, siku ya Jumamosi. Yeye aliwekwa upande wa jikoni na wasichana wengine wawili, kupika githeri, mahindi na maharagwe, kwa sufuria kubwa juu ya mawe matatu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja nikipanga viti na kugombana na kijana aliyefunga spika kuhusu waya. Nikasikia sufuria ikianguka, kisha makelele.

Nilipofika alikuwa ameanguka upande, mkono wa kulia ukiwa ndani ya makaa, mwili ukitetemeka. Na wanafunzi wangu, niliowafundisha mwenyewe, walikuwa wamemzunguka mikono juu, wanakemea. "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Hakuna aliyemgusa. Waliogopa, na ule woga nao ni mimi niliyeulea, kila Ijumaa, nilipowafundisha kwamba kitu kama kile ni cha kukemewa.

Aliyemtoa ni mwanamke mmoja wa Kiborana aliyekuwa anapita na mitungi yake ya maziwa ya ngamia. Aliweka mitungi chini, akapenya katikati yao kwa kiwiko, akamvuta kwa mabega, akamlaza kwa ubavu, akazima pindo la nguo kwa leso yake.

"Mtoto naungua, nyinyi napiga kelele," alisema. Hakupaza sauti. Akatuangalia mmoja mmoja, kisha akaniangalia mimi, mtu mzima peke yangu pale. "Wewe mama, leta maji."

Nikaenda kuleta maji.

Hospitalini muuguzi aliuliza kama msichana alikuwa na dawa. Nikasema anayo. Akauliza kwa nini hakunywa, na dawa zenyewe ziko wapi. Nikasema, "Kwangu. Kwenye mkebe wa vifungo." Muuguzi aliacha kuandika akaniangalia. Nilitamani anikaripie, tena kwa ukali, mbele ya foleni nzima.

Ijumaa iliyofuata mwenyekiti alisimama darasani akaeleza kwamba uponyaji unaweza kupotea mtu akiwa na dhambi ya siri. Nilimwambia akae chini. Nilimwambia kwa maneno ambayo mlezi hatumii, na yakafika kwa mchungaji kabla ya jua kutua. Lakini hasira yangu haikuwa na haki. Yule kijana alikuwa anamalizia tu sentensi niliyoianza mimi. Ushirika niliuacha mwezi huo, na hakuna aliyenisihi nirudi.

Mama yake alikuja kumchukua alipotoka wodini. Sikumwona, nilikuwa nimejificha kibandani, milango imefungwa nusu. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini wangu hakuchelewa, alizaliwa siku ileile. Gauni la rangi ya maziwa lilikuwa limening'inia ukutani, limebaki kutiwa vifungo. Lilining'inia hapo miezi minne. Mwishowe nikalishonea vifungo vinane vidogo vyeupe, kutoka kwenye ule mkebe, ambao nilikuwa nimeurudishia vifungo, nikalikunja, nikaenda Oldonyiro.

Nilifika siku ya soko la mifugo, vumbi hadi kwenye meno. Kuuliza nyumba yao haikuwa shida. Alitoka nje aliponiona, akasimama, kisha akaja kunisalimu kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umepona, ila vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja na ngozi ilikuwa imevutana. Shavu halikuguswa na moto. Nilishukuru kwa ajili ya shavu, halafu nikajionea haya.

Mama yake hajui Kiswahili. "Ejok," alinisalimu, nikaitikia "ejok" kwa sababu ndilo neno pekee ninalolijua, kisha binti yake akawa anatufasiria. Niliketi kwenye kigoda, nikaletewa chai ya maziwa ya mbuzi. Mama alishika mikono yangu miwili akaongea kwa muda mrefu.

"Anasema asante kwa kuniwekea dawa," binti akafasiri. "Anasema mjini hajui mtu, anajua wewe tu."

Nikaweka kikombe chini. Nikatoa gauni. Alilifurahia kweli, nililiona hilo usoni kwake, akaingia ndani akalivaa. Akatoka likiwa wazi mbele, amelishika kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kifungo cha kwanza. Akajaribu tena. Mimi, fundi wa miaka ishirini, nilikuwa nimekaa nikishona tundu moja baada ya jingine, vifungo vinane vidogo, na sikufikiria mkono. Mama yake akainuka akamfunga, kimoja kimoja kuanzia chini, kama unavyomfunga mtoto wa chekechea asubuhi ya shule.

Hapo nikalia. Nikasema, "Mwambie mama yako. Mwambie ni mimi. Uliniambia siri nikaisoma mbele ya watu. Nilijua hunywi dawa, nikanyamaza. Mwambie mkono huu ni mimi."

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mama yake akasema maneno machache, kwa sauti ya kawaida. Mama akatabasamu, akanipangusa uso kwa kiganja, akanijazia kikombe.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia unalia juu ya mkono wangu. Na eti umeniletea salamu za walimu."

"Kwa nini?"

Alikaa karibu nami, akaweka mkono uliokunjamana juu ya gauni jipya. "Mama, mimi nataka kurudi. Naeza andika na hii ya kushoto, nafanya mazoezi kila siku. Lakini huyu hataniachilia niende mjini kama hakuna mtu anaamini huko. Akijua ni wewe, basi, imeisha. Nitachunga mbuzi mpaka nizeeke."

Alikuwa amenisamehe au alikuwa ananitumia, na sikuwa na haki ya kuuliza ni lipi. Alinisindikiza hadi gari linapopakia, gauni likiwa limeanza kushika vumbi kwenye pindo. Sikumwambia nitamwombea. Alisubiri hadi nimeketi, ndipo akaja dirishani.

"Nikirudi, nitakuja kwako kwanza," alisema. "Dawa nitaweka hapo tena. Lakini Mama, usiniandike."

Nikamwambia sitamwandika.

Chuo kimefunguliwa mara tatu tangu siku hiyo. Kila muhula unapoanza, nafungua kibanda mapema, nayamwaga maziwa yote kwenye chai, na natoa vifungo kwenye mkebe. Wasichana wanakuja kupimwa, wanaongea, nami nawapima na kunyamaza. Hajaja.