Nani Aliyemtubisha Chembe?

Kwa miaka minne Mwanapili binti Nahodha alisomesha hesabu katika skuli ya Chwaka, na kwa miaka yote hiyo hapana mtoto aliyethubutu kuiba hata kipande cha chaki. Hakuwa na bakora. Alikuwa na macho. Aliporudishwa mjini, mwaka wa sabini, wazazi walikuja kumuaga na pweza mkavu, nusu kwa huzuni na nusu kwa faraja. Hawakujua, wala yeye hakuwaambia, kwamba mwalimu wao alikuwa na hamu moja tu: afike mtaa wa Kiponda siku ya Alhamisi, akae mkekani kwa Bi Mwatima, aibe.

Mchezo wenyewe waliuanza mwaka wa sitini na tano, wakati watu wengi walipoona afadhali kukaa ndani baada ya alasiri. Bi Mwatima alikuwa mjane, akishona nguo za wanawake katika chumba cha chini cha nyumba yenye ua. Siku moja alichukua sinia kubwa la shaba, lile la kupakulia pilau, akaligeuza, akachora mgongoni mwake mji mzima kwa chaki ya kukatia nguo: vichochoro, soko, msikiti, gereza. Mji ule haukuwa na mfalme, haukuwa na rais, haukuwa na bendera. Bi Mwatima alilitazama hilo kwa makini sana. Ulikuwa mji tu, na jina lake Mji wa Sinia.

Kila mchezaji alikuwa na mtu wake mle. Wanu, aliyekaa ghorofa ya juu na mumewe, alikuwa na tabibu ambaye hakuwahi kumponesha mtu. Tabibu huyo alikuwa punje ya karafuu. Shamshad, ambaye mumewe Hasanali alikuwa na duka la nyuzi na vifungo upande wa pili wa njia, alikuwa na tajiri mmoja mwenye maringo, Bi Zumaridi, naye alikuwa kifungo cha lulu. Mwanapili alichagua kifungo cheusi cha suruali, akakiita Chembe, na Chembe alikuwa mwizi. Bi Mwatima hakuwa na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa mji: yeye ndiye aliyesema nani kafungua mlango, mbwa gani kabweka, mvua imenyesha au haikunyesha. Mtu akitaka kufanya jambo gumu hutupa kauri sita. Zikifumbua vinywa nne au zaidi, jambo limekwenda. Zikipungua hapo, limeharibika, na Bi Mwatima atamsimulia vipi limeharibika, bila ya huruma.

Kule Chwaka, Mwanapili aliukosa mchezo huo kuliko alivyoukosa umeme. Mwalimu mwanamke aliye peke yake kijijini hutazamwa hata anavyochagua samaki. Hakupata pa kuchekea. Usoni alikuwa akisahihisha madaftari. Kichwani alikuwa juu ya paa la Bi Zumaridi, anapima kamba.

Basi Alhamisi ya kwanza akapiga hodi.

"Karibu! Ala! Mwalimu!" Wakamkumbatia wote watatu, wakampokonya pweza, wakamkalisha uani chini ya turubali lililozuia jua na mvua. Kahawa ikaja, sinia likaja. Mwanapili akainama, akatazama kichochoro cha nyuma ya gereza, pale alipomwacha Chembe. Hayupo. Akatazama sokoni. Hayupo. Mwisho akamwona mbele ya msikiti, juu ya kijitambaa cheupe.

"Mbona mmemvisha sanda? Kafa?"

"Si sanda, shoga," alisema Wanu. "Kanzu."

Shamshad aliinamisha uso. Yeye ndiye aliyeachiwa amana ya kumchezea Chembe.

"Mwaka wa kwanza aliiba vizuri," alianza kujitetea. "Wallahi aliiba. Halafu ukaingia Ramadhani. Mie nimefunga, koo limekauka, natupa kauri nikaibe tende za watu! Nilishindwa, Mwanapili. Nikamtubisha."

"Ukamtubisha?"

"Kidogo tu. Halafu akenda hija."

"Chembe!"

"Aliporudi," aliendelea Bi Mwatima kwa sauti yake ya mji, "kadhi alikuwa keshakufa. Aliugua homa, akatibiwa na tabibu wa Wanu."

"Basi najua alivyokufa."

"Watu wakatafuta mtu mwenye heshima. Wakamchagua Chembe. Sasa ndiye kadhi wetu, na anahukumu vizuri."

Mwanapili aliiweka chini kahawa. Macho yale ya Chwaka yakamzunguka kila mmoja, na Shamshad, mwanamke wa miaka thelathini na sita, akaficha mikono nyuma kama aliyeshikwa na chaki.

"Nataka aibe leo hii."

"Kadhi?" Bi Mwatima alitikisa kichwa. "Mtu kashatubu, mwanangu. Huwezi kuitangua toba ya mtu kwa kuwa umerudi kutoka shamba."

"Toba si yake! Alotubu ni Shamshad. Mtu hatubiwi na jirani yake!"

Hapo Bi Mwatima akakwama. Alijua kuamua mambo ya mbwa na mvua, lakini hili liliingia katika sharia, na yeye alikuwa fundi wa kushona. Wakabishana mpaka magharibi. Mwisho Wanu akajitolea: atakwenda kumuuliza ami yake, Sheikh Bakar, bila ya kutaja mchezo, maana sheikh hangeufurahia.

Siku ya pili asubuhi akenda. "Shikamoo, ami."

"Marahaba. Una nini?"

"Nna suala, ami. Mtu alikuwa mwizi. Mwengine akamtubisha, yeye mwenyewe hakutia nia. Sasa anataka kurudi wizini. Hukumu yake nini?"

Sheikh Bakar alivua miwani. "Mtu gani huyo?"

"Mtu tu, ami."

"Anakaa wapi?"

Wanu hakupenda kumdanganya ami yake, na sinia lilikuwa likiwekwa chini ya ngazi. "Yumo nyumbani mwetu," alisema.

"Na kwa kumtazama, yukoje?"

"Mtu wa heshima. Siku hizi havui kanzu nyeupe."

Sheikh alirudisha miwani machoni. Akamwambia ende zake nyumbani, suala lake atalishughulikia. Alimpa na pole, jambo ambalo Wanu hakulielewa.

Sasa, Mkubwa, mumewe Wanu, alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi. Mtu mpole, mwenye kifua kama mlango, na mwezi ule alikuwa amenunua kanzu mpya nyeupe ambayo aliivaa kila alipotoka kazini. Alikuwa nayo Ijumaa ile. Baada ya sala, Sheikh Bakar alimshika bega, akamvuta kando ya nguzo.

"Mkubwa, mwanangu. Habari zako zishanifikia."

Mkubwa akatazama kama yuko anayesikia. "Habari zipi, sheikh?"

"Unazijua mwenyewe. Mkeo analia moyoni. Mtu hujisaidia mapema, kabla mambo hayajawa makubwa."

"Ni turubali tu, sheikh!" Mkubwa alisema kwa mnong'ono uliosikika mpaka mlangoni kwenye viatu. "Moja! Na lilikuwa na tundu!"

Sheikh Bakar hakuwa akijua lolote kuhusu turubali, lakini alikuwa na uzoefu, hakuonesha. "Rudisha," alisema.

Mchana uleule Mkubwa alipanda ngazi, akalifungua turubali la uani bila ya kumwambia mtu, akalikunja, akalitia kichwani, huyo Malindi. Taabu ikawa kulikabidhi. Mtunza ghala alilipindua, akachungulia tundu, akasema turubali hilo lilishafutwa kwenye daftari mwaka juzi kuwa limeoza, na kitu kilichooza hakiwezi kurudi hakijaoza. Mkubwa akambembeleza nusu saa nzima kupokea kitu ambacho yeye alikichukua kwa dakika mbili. Mwisho alilitua mlangoni, akakimbia.

Usiku huo ikaanza masika.

Alhamisi iliyofuata ua wa Bi Mwatima ulikuwa bwawa. Majiko yalielea. Wanawake wakabeba sinia mpaka juu kwa Wanu, na huko walimkuta Mkubwa, ambaye mvua ilimzuia kazi bandarini, amekaa kitandani, shavu mkononi.

"Vizuri mmekuja wote," alisema. "Nnataka kujua. Nani alonisengenya kwa Sheikh Bakar?"

"Hapana aliyekusengenya, mume wangu," Wanu alisema. "Nilikwenda mie, lakini hatukukutaja weye. Tulizungumza kifungo tu."

"Kifungo!" Mkubwa alisimama. "Kwa turubali bovu? Miaka mingapi?"

"Si kifungo hicho. Kifungo cha suruali."

Ikabidi aoneshwe. Bi Mwatima aliweka sinia mezani, akamwondolea Chembe kijitambaa chake, akakiweka kile kifungo cheusi katika kiganja kikubwa cha Mkubwa, na akamweleza mambo yote tangu Ramadhani ya Shamshad. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Chini, maji yalisikika yakiingia jikoni.

"Mie nimevuliwa turubali," alisema pole pole, "kwa madhambi ya huyu?"

Mwanapili ndiye aliyeanza. Alijizuia, akaziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, akageukia dirishani, mabega yakamsaliti. Kisha Shamshad, kisha wote, mpaka Bi Mwatima akaomba maji. Mkubwa alibaki amekunja uso kwa muda wa kutosha kulinda heshima yake, halafu naye akashindwa, na kicheko chake kikatikisa vikombe.

Walipotulia, Wanu akasema alirudi tena kwa ami yake kutaka jibu lake. "Kasema toba haitiwi na wakili. Asiyetia nia mwenyewe hajatubu."

"Ah!" Mwanapili alipiga goti. "Si nilisema?"

"Umeshinda," alikubali Bi Mwatima. "Chembe hajatubu. Lakini mji haujui. Kwa mji yeye bado ni kadhi, na ndiye mwenye funguo za baitulmali, hazina ya mji."

Mwanapili akamtazama kwa mapenzi. Hakuwahi kuota bahati kama hiyo, hata katika zile alasiri ndefu za Chwaka. Mwizi mwenye funguo! Akakiweka kifungo mbele ya baitulmali, akakunja mikono ya gauni, akatupa kauri.

Ikafumbua moja.

"Miaka minne, mkono umekufa ganzi," Shamshad alisema kwa huruma.

"Kadhi," alisema Bi Mwatima, bila ya huruma, "amekanyaga kanzu yake mwenyewe, ameporomoka ngazi zote za baitulmali, mbele ya watu wa sokoni. Wanapiga kelele, Kadhi kaanguka! Wanamwinua. Wanamchukua kwa tabibu."

Wanu akasugua viganja. "Mlazeni hapa," alisema, akiisogeza ile karafuu. "Nshatayarisha dawa."

"Msinipeleke kwake! Jamani! Nimeumia mguu tu!" alilia Mwanapili.

"Ataanza na kichwa," alisema Wanu.

Mkubwa alikuwa ameshavuta kiti. "Kwani huko kwa tabibu hakuna dirisha?" aliuliza.

Bi Mwatima alifikiri. "Lipo. Dogo. La juu."

Mwanapili alizikusanya kauri, akazitikisa karibu na sikio, macho ameyafumba, midomo ikicheza. Akatupa. Zikazunguka juu ya shaba, moja ikaenda mpaka ukingoni ikarudi, na zilipotulia zilikuwa zimefumbua zote sita.

Mwalimu yule ambaye watoto arubaini walinyamaza akikohoa tu alipiga ukelele uliovuka mvua na kuingia madukani. Ng'ambo ya njia Hasanali akatoa kichwa chini ya ukingo wa mlango.

"Shamshad! Salama huko?"

Shamshad akaenda dirishani. "Salama, Hasanali!" alimjibu kwa furaha. "Kadhi katokea dirishani!"

Hasanali alimtazama mkewe, akatazama njia juu na chini, maji matupu. Kisha akarejea ndani na kuuvuta mlango, pole pole, mpaka ukafunga.